"Umaskini" pekee si dhamira: nilivyojifunza kuacha kusimulia hadithi

Ndugu muulizaji, umesema mwalimu amekurudishia insha yako kuhusu dhamira ya hadithi fupi na kuandika pembeni kwamba umesimulia badala ya kujadili. Maneno kama hayo niliyapata kwa wino mwekundu nikiwa kidato cha tatu hapa Nairobi, pamoja na alama 6 kwa 20, na kwa kuwa nilikuwa nimejaza kurasa 4, niliona nimeonewa.

Hadithi yenyewe ilimhusu kijana wa mtaa wa Kayole anayekwenda kuomba kazi ya ulinzi kiwandani akiwa amevaa viatu vya marehemu babake, ambavyo ni vikubwa mno hata amevijaza magazeti nchani. Niliandika kwamba dhamira ni umaskini, kisha nikamfuata kijana huyo tangu anapoamka hadi anapoajiriwa. Kumbe "umaskini" ni mada tu, wala hakuna awezaye kuikubali au kuipinga, ilhali dhamira ni kauli kamili ambayo hadithi inatoa kuhusu mada hiyo. Nilipoisoma upya huku nikipigia mstari kila kilichorudiwa, niligundua kwamba magazeti yale yanatajwa mara 3, na mara ya mwisho kijana amekwisha kununua viatu vinavyomtosha, lakini bado anakunja kipande cha gazeti na kukisukuma ndani, hata vidole vikambana. Hapo ndipo nilipoweza kuandika sentensi kamili: umaskini huendelea kumtawala mtu hata baada ya kupata riziki, kwa kuwa mwili umekwisha kuuzoea.

Sentensi yako ya namna hiyo iweke katika aya ya kwanza, na tafadhali usianze kwa "fasihi ni sanaa itumiayo lugha", kwa sababu mtahini ameisoma mara mia. Aya zinazofuata zibebe hoja, ithibati na ufafanuzi, na hapo kwenye ufafanuzi ndipo wengi wetu hupoteza alama. Kwa mfano, haitoshi kusema kwamba meneja anavitazama viatu. Eleza kwamba kijana anairudisha miguu chini ya kiti kabla hajaulizwa hata jina, yaani aibu inajibu maswali kabla yake. Tukio lisiloigusa sentensi yako, hata liwe tamu namna gani, liache.

Jihadhari pia na istilahi. Vitabu vingi vya uhakiki kutoka Tanzania huiweka dhamira ndani ya maudhui, pamoja na ujumbe, migogoro na falsafa, ilhali katika madarasa yetu dhamira aghalabu ni lengo la mwandishi, na maudhui ni jumla ya masuala anayoyazungumzia. Fuata matumizi ya mwalimu wako.

Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, kwenye KCSE (mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari hapa Kenya), unajibu maswali 4 ya alama 20 kila moja kwa saa mbili na nusu, yaani takriban dakika 37 kwa swali. Swali likitaka maudhui, hoja moja, hata iwe na kina gani, haitakutosha. Tafuta nyingine kadhaa, kila moja na ithibati yake.

Insha yangu ya pili ilikuwa ya kurasa mbili na nusu, nikapata 14. Mwalimu alinikosoa kwa jambo moja ambalo hadi leo huliangalia kabla ya kukabidhi kazi yoyote: nilikuwa nimemwita msimulizi, yaani sauti inayosimulia ndani ya hadithi, "mwandishi" kila mahali.