Klabu ya magari ya spoti ya Kijapani ya zamani: anzeni na daftari la spea

Umeuliza muanzie wapi, mko sita na mna Datsun 240Z mbili, Toyota AE86 mbili na Mazda RX-7 mbili: usajili wa klabu, nembo, au safari ya pamoja? Vyote hivyo vinaweza kusubiri. Anzeni na daftari la spea. Safari inamfaa mwenye gari zima tu. Mwenye gari lililopandishwa juu ya mawe atakuja kwa sababu ya spea.

Kila mmoja aandike namba ya chesisi, aina ya injini, gia boksi na difu, alichonacho stoo na anachotafuta. Mtu asiandike "Corolla ya 1985" halafu basi. AE85 na AE86, zote za familia ya Corolla, kwa bodi ni kama mapacha, lakini AE85 ina injini ya 3A-U yenye kemshafti moja (mhimili unaofungua vali) na difu ndogo, wakati AE86 yenye 4A-GE ina kemshafti mbili na difu kubwa zaidi. Ukiagiza spea za difu kwa kutazama sura ya gari, mzigo utafika na hautaingia. RX-7 nazo ni hivyohivyo. Injini zake hazina pistoni, zina rota ya pembe tatu inayozunguka: rota ya injini ya 12A ina upana wa milimita 70, ya injini ya 13B ni 80, kwa hiyo sili za ncha za rota haziazimani.

Kwenye oda ya pamoja, kila mtu atume namba ya spea na picha ya ile ya zamani ikiwa imewekwa rula pembeni. Pesa zikusanywe kabla ya kuagiza. "Nitalipa mzigo ukifika" ndiyo inayoua vikundi hivi, kuliko ugomvi wowote wa uongozi. Pesa zitolewe kwa saini mbili, na risiti itumwe kwenye kundi siku hiyohiyo. Mkishaanza kushika fedha za watu namna hii, hapo ndipo usajili una maana.

Kigezo cha magari kiandikwe mapema, na kiwe kwa toleo, si kwa mwaka wa gari moja moja. Mkisema "yaliyotengenezwa hadi 1989", Nissan Skyline R32 ya 1989 itaingia na ya 1993 itakataliwa, ilhali ni gari lilelile. Andikeni "toleo lililoanza kuuzwa kabla ya 1990", mjadala utaisha.

Siku ya kukutana, pangeni maegesho kabla magari hayajafika. Hili linaonekana dogo mpaka mtu amwombe mwenye RX-7 "sogeza kidogo". Injini ya rota ikiwashwa baridi, ikasogezwa mita tatu na kuzimwa, petroli hubaki ndani, plagi zinalowa na gari linagoma kuwaka tena. Kama ni lazima, lisukumeni kwa mikono. Injini hizo pia hula oili kwa makusudi, maana pampu huipeleka ndani kulainisha sili, kwa hiyo kila mnapojaza petroli kwenye msafara, mwenye nayo achomoe kijiti cha oili.

Msafara uongozwe na gari la mwendo mdogo kuliko yote. Vizima moto vya unga viwe viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma: mipira ya petroli ya gari la kabureta ikizeeka hupasuka, na chini yake kuna eksozi ya moto.