Boti ya joka: misuli yako ndo itakusumbua mwanzoni (jibu refu kwa aliyeuliza kama ajiunge)

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Una miaka 41, kazi ya kukaa siku nzima, kazini kwenu wanaunda timu ya kujifurahisha ya boti za joka (ile mitumbwi mirefu ya mbio yenye asili ya China, watu wengi wanapiga kafi kwa pamoja) na mbio ni baada ya wiki 10, unauliza kama mikono yako itatosha, kama ni hatari kwa mtu ambaye kuogelea kwake ni kwa kubahatisha, na kama utaaibika. La tatu nalijibu sasa hivi tuachane nalo: ndio, utaaibika, wote tumeaibika, hakuna aliyewahi kukaa kwenye ile boti siku ya kwanza akaonekana mtu wa maana.

Mi niko msimu wa sita kwenye timu ya ridhaa. Niliingia na kitambi na pumzi ya kupanda ngazi mbili tu. Tulijiunga siku moja na jamaa yangu mmoja wa jimu, mabega kama mlango, na nilijua kabisa yeye atapewa kiti cha heshima na mi ntarudishwa nyumbani. Aisee. Jamaa alipiga kafi kama anang'oa kisiki, maji yanaruka mpaka kiti cha tatu nyuma yake, kila pigo yeye kamaliza wakati wenzake ndo kwanza wanaingia, na baada ya dakika kama kumi kocha akasimamisha boti akamwambia kwa upole tu, kaka wewe hapo ndo breki yetu. Tulicheka sana. Wiki iliyofuata nikaambiwa hivohivo mimi, na mi hata hayo mabega sina.

Sikiliza ilivyo. Boti ya kawaida ina urefu wa mita 12 na kidogo, viti 10, tunakaa wawili wawili kwa hiyo wapiga kafi 20, mbele kuna mpiga ngoma anatuangalia sisi usoni, nyuma kabisa kasimama mshika usukani na kasia lake refu. Boti yenyewe tupu ni kama kilo 250, weka watu ndani unafika tani moja na nusu au zaidi. Sasa tani moja na nusu huwezi kuisogeza kwa hasira zako binafsi. Inasogea pale makafi 20 yanapoingia majini kwa mara moja na kutoka kwa mara moja, af inateleza kidogo, af tena. Ukiwa wewe kafi lako bado limo ndani wakati wenzako washatoa, unaishika boti isiteleze. Umekaza meno, mishipa imetoka, unajiona unaibeba timu, kumbe unavuta nyuma. Hiyo ndo sababu nasema mtu mwenye nguvu nyingi ana kazi kubwa zaidi ya kujifunza kuliko wewe wa ofisini, maana yeye akikosea boti nzima inasikia.

Na usifuate ngoma. Najua inashangaza, kila mtu anadhani ngoma ndo bosi. Mpiga ngoma mwenyewe anawafuata wale wawili wa kiti cha kwanza, wao ndo wanaoweka mwendo. We inua macho uangalie mbele kule kwao, sio kwenye kafi lako (utatamani sana kuliangalia) na sio kwa huyo aliye mbele yako. Kila mtu akimfuata wa mbele yake, kachelewa kidogo, na wa nyuma yake kachelewa kidogo tena, ukifika kiti cha kumi ni nusu pigo nzima. Ukiwa ufukweni unaona makafi yanatembea kama miguu ya jongoo. Sisi msimu wa kwanza tulikuwa jongoo safi kabisa, kuna mtu alituchukua video nikaiangalia mara moja sijaifungua tena.

Kuhusu mwili, ngoja nikupe kisa maana ndo kilinifunga mdomo. Mbio zetu za pili tulipangwa na timu ya wanawake waliovaa rangi ya waridi, wengi wameshapita miaka 50, wote waliwahi kuugua saratani ya matiti. Tulipowaona pale kwenye mstari kuna mjinga wetu mmoja (sitamtaja, ni mimi) akasema leo tunapumzika. Mita 200 za kwanza tuko sambamba. Baada ya hapo nikaanza kuona mkia wa joka lao badala ya ubavu, na walikuwa hawana haraka yoyote, mwendo ule ule, kafi linazama kimya, linatoka kimya, sisi pembeni tunatapatapa kama tumemwagiwa siafu. Walituacha urefu wa boti na nusu.

Baadaye nikaja kujua timu za namna hiyo zilianzia Vancouver, Kanada, mwaka 1996. Zamani wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa matiti walikuwa wanaambiwa wasifanye kazi nzito za mikono, eti mkono utavimba. Daktari wa michezo anaitwa Don McKenzie akaamua kulijaribu hilo jambo, akachukua wanawake 24 akawafundisha kupiga kafi taratibu kwa uangalizi, na hakuna aliyepata uvimbe mpya kwa sababu ya boti. Sasa hivi timu kama hizo ziko nchi nyingi tu. Kwa hiyo mkuu hilo la miaka 41 na mikono ya kompyuta lisikuzuie. Ila kama una bega lenye historia au mgongo wenye kesi, muone daktari kwanza na umwambie kocha kabla hujakaa, sio baada.

Mgongo naujua vizuri, niliuumiza kwa ujinga. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa navuta kwa mikono, nimekaa katikati ya kiti kama niko kwenye daladala. Hivi ndo inatakiwa: jisogeze mpaka ukingoni, nyonga ibane ubavu wa boti, mguu wa upande wa nje uwe mbele umekanyaga kweli, maana ule mguu ndo unasukuma. Zungusha kiwiliwili mpaka kifua kinakaribia kumtazama jirani yako, bega la nje liende mbele kabisa, mkono wa juu utoke nje ya boti ili kafi lisimame wima. Halafu, na hapa ndo wengi tunakufa, zika kafi lote majini kwanza ndo uvute. Ukivuta wakati bado linaingia unavuta povu. Kinachovuta ni mgongo unaojizungusha kurudi na ule mguu, mikono ni kamba tu ya kushikia kafi. Likifika usawa wa nyonga litoe. Usilipeleke nyuma zaidi, huko unanyanyua maji juu na kuikandamiza boti chini, unachoka bure.

Sku nilipoelewa hiyo "zika kwanza" niliisikia mwilini kabla sijaielewa kichwani, kafi likawa zito ghafla, kama limeshika kitu kigumu chini, na boti ikaruka mbele. Hapo ndo nikanogewa.

Kafi usinunue kwanza. Azima la timu mpaka ujue unapenda. Zile za mashindano zina vipimo vyake, urefu sentimita 105 mpaka 130, na ukikosea urefu mabega yatakusimulia, kwa hiyo jaribu kadhaa uone.

Kuogelea sasa. Mwambie kocha ukweli, usione aibu, na jaketi la kuokolea uvae na ulifunge, sio ulikalie (nshaona mtu kalikalia). Kama hao waandaaji hawana majaketi, usipande, hata kama timu nzima inakusubiri. Sisi tulipinduka mara moja, mazoezini, maji yametulia kabisa, na sababu ni ya kijinga: kuna mtu upande wa kulia alidondosha chupa yake, wote wa kulia wakainama kuiangalia na wa kushoto wakainuka kuchungulia. Sekunde mbili tuko majini. Lakini tulikuwa tumefundishwa, wa kwanza kumtafuta ni jirani yako wa kiti, mkishikana mnapiga kelele namba ya kiti chenu, mshika usukani anahesabu, na wote mnabaki mmeshika boti, hata ikijaa maji inaelea. Kujifanya shujaa ukaogelea kwenda ufukweni ni marufuku. Kiti cha saba hawakujibu kwa sekunde kama tano hivi, zilikuwa ndefu kuliko msimu mzima, kumbe walikuwa upande wa pili wanacheka.

Ila sikia, kinachoua timu za ridhaa sio maji wala nguvu, ni mahudhurio. Kwenye grupu la WhatsApp watu 26 wameweka dole gumba, alfajiri mnajikuta 11. Boti ya 20 yenye watu 11 inapangwa upya yote, uzito wa kushoto na kulia usawazishwe, wazito katikati, wepesi mbele na nyuma, na hapo ndo utaulizwa kilo zako mbele za watu. Sema ukweli, boti itakuumbua tu. Na kama ni mbio za mchanganyiko huwa wanataka angalau wanawake 8, kwa hiyo dada mmoja akiugua siku ya mbio kuna timu nzima inashika kichwa. Mi sasa hivi kati ya mtu mwenye kifua na mtu anayefika kila Jumamosi, namchukua wa pili bila kufikiria mara mbili.

Siku yenyewe ya mbio ni kusubiri saa nyingi kwa ajili ya dakika tatu. Zinakuwepo mita 200, 500, 1000 hadi 2000, ila nyie wapya nadhani mtapewa 200 au 500. Kichwa na mkia wa joka huwa vinafungwa siku hiyo tu, na sehemu nyingine wanampaka joka rangi kwenye macho aamke, desturi ya kule China, ambako hizi mbio zinahusishwa na Qu Yuan, yule mshairi aliyejitosa mto Miluo, watu wakakimbia na mitumbwi kumtafuta wakipiga ngoma kufukuza samaki. Haya mashindano ya kimataifa ya kisasa yalianzia Hong Kong 1976.

Mtaanza na mapigo machache ya kina na ya polepole kuiamsha boti, halafu mengi ya haraka, halafu mnatulia kwenye mwendo wenu. Hapo kwenye kutulia ndo tulipokufa sisi mbio ya kwanza. Damu imechemka, ngoma za timu zote zinalia, hakuna aliyetulia, kila mtu na mwendo wake, makafi yanagongana, tukamaliza mita 500 kwa dakika 2 na sekunde 51, wa mwisho. Timu kali za dunia zinamaliza chini ya dakika 2.

Jumamosi nenda. Vaa kaptula isiyo na mshono mnene nyuma, makalio yatakushukuru kufikia saa ya pili, beba nguo kavu na maji ya kunywa, na wakikuuliza unapenda upande gani sema wowote, af kila baada ya wiki badilisha. Ukirudi njoo utuambie walikuweka kiti cha ngapi.