Lekchara ananisumbua na ndiye anasahihisha kazi yangu

SWALI: Shikamoo anti. Niko mwaka wa 3 chuo, supavaiza wangu wa projekti kila nikiongea darasani ananiigiza lafudhi mpaka wenzangu wanacheka, anasema watu wa kwetu vichwa vizito, nikawa navumilia tu lakini sasa ananitumia meseji usiku nimfuate ofisini watu wakishaondoka. Nimekataa, na tangu hapo kazi yangu hataki hata kuisoma. Naweza kuripoti bila kuweka jina? Naogopa atanifelisha.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuweza unaweza, vyuo vingine vina fomu isiyotaka jina, ila ripoti ya hivyo mara nyingi inalala kwenye faili maana hawana wa kumuuliza maswali, na kwako ndo kabisa, ukitaja tu meseji za usiku kwa mwanafunzi wa projekti yeye atajua ni nani. Bora uweke jina na uombe iwe siri kati ya wanaoshughulikia. Jua tu uchunguzi ukianza lazima aelezwe anatuhumiwa nini ili ajitetee.

Ndo maana kwenye barua hiyohiyo omba ubadilishiwe supavaiza na kazi yako isahihishwe na mtu mwingine wakati kesi inaendelea. Wengi hawaombi hili, wanakuja kushtuka wameshapigwa sapu, yaani wamefelishwa warudie mtihani. Na akikulipizia kisasi, hilo ni kosa jipya, liripoti nalo.

Meseji usifute hata moja, hata ile ya kutia kinyaa, na skrinshoti ionyeshe namba na tarehe. Ya darasani yaandike leo leo kabla hayajapotea kichwani, siku gani, alitamka nini hasa, nani alikuwepo. Usiyaache ati ni utani, huo ni ubaguzi, uende pamoja na meseji.

Mkuu wa idara kama ni swahiba wake mruke, nenda ofisi ya wanafunzi au dawati la jinsia kama lipo. Ukitaka kuongea tu kwanza, tafuta mshauri nasaha, ila muulize mapema kama atalazimika kuripoti, maana vyuo vingine mfanyakazi akishasikia hana hiari. Akikugusa au akikutishia nenda polisi, usisubiri chuo.

Halafu usitoke ofisi uliyoripoti bila namba ya kesi, na ukifika tu chumbani watumie imeili ya mliyoongea.