Maswali ya Wasomaji: Mwimbaji Amepotelea Wapi?

Barua za safari hii zimetoka kandokando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Nyegezi hadi Nansio, na zote zinahusu albamu ndefu za roki ya progresivu (nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi) na saikedeliki (roki ya mwangwi na sauti za kuzunguka kichwa): namna ya kuzisikiliza, na namna ya kumwambia mwenzako ulichosikia. Tumezifupisha kidogo.

Shikamooni. Tuko wanafunzi sita, tuna kundi la WhatsApp la kuambiana kila mmoja amesikiliza albamu gani wiki hii. Siku hizi ni picha za makava na alama za moto tu. Mmoja wetu anaweka albamu nane kwa siku na hakuna anayemfuata. Tufanyeje? (Msomaji, Nyegezi)

Marahaba. Albamu nane ni karibu saa sita za muziki. Huyo ama hasikilizi, ama haendi darasani.

Wekeni kiwango: mtu mmoja, albamu moja kwa wiki, na asiiandike kabla hajaisikiliza mara mbili. Wimbo wa dakika 18 hauingii mara moja. Mara ya kwanza masikio yanahangaika kujua unaelekea wapi; ya pili ndipo unapoanza kusikia besi inafanya nini chini ya vinanda.

Halafu andikeni yale ambayo kava halisemi: ni toleo lipi, umesikilizia nini, na mwenzako atege sikio dakika ya ngapi. Toleo lina uzito kwa sababu albamu nyingi za miaka ya 1970 zimechanganywa upya, yaani kila chombo kimepimiwa tena sauti yake. Mwanamuziki Steven Wilson peke yake amezipitia za bendi za King Crimson, Yes na Jethro Tull, na vyombo vilivyokuwa vimezama kwenye miksi ya zamani sasa vinajitokeza. Watu wawili wakibishana kama gitaa lipo au halipo, kwanza waulizane toleo. Taarifa inayofaa inaweza kuwa fupi kama hii:

“Yes, Close to the Edge, 1972. Nyimbo tatu, dakika 38 hivi. Miksi ya zamani, hedifoni ya waya, mara mbili. Mwanzoni ni ndege na maji. Kabla ya dakika moja kuisha bendi inavamia kwa fujo. Usizime, fujo hiyo inapangika. Baada ya dakika ya 12 sikiliza kinanda kikubwa cha kanisa kinavyoingia pale ulipodhani wimbo umelala. Wimbo wa tatu sijaupenda bado.”

Hiyo ya mwisho msiiogope. Kundi ambalo kila albamu ni “kali” halimsaidii mtu kuchagua.

Habari za kazi. Nilimsifia mwenzangu albamu ya kwanza ya King Crimson, nikamwambia mwimbaji amewekwa mbali kama anaimba ng'ambo ya ziwa, na besi hakuna kabisa. Yeye anasema kwake mwimbaji yuko usoni. Faili ni zilezile, alinirushia yeye. Nani amekosea? (Msomaji, Kirumba)

Hedifoni yako ndiyo iliyokosea, na ndiyo maana tumesema chombo kitajwe.

Pini ya kawaida ya hedifoni ina sehemu tatu. Ncha ni ya sikio la kushoto, pete ya katikati ni ya kulia, na sehemu ya nyuma ni njia ya kurudishia umeme, inayotumiwa na masikio yote mawili. Njia hiyo ikikatika, umeme hauna pa kurudi ila kupitia spika ya sikio la pili, na unachosikia ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta. Sasa, mafundi wa studio huweka nini katikati? Mwimbaji, besi na ngoma ya mguu. Kinachobaki ni vya pembeni: mwangwi, vinanda, gitaa la pili. Kwenye Bongo Fleva ungeigundua hitilafu hii ndani ya sekunde tano. Kwenye saikedeliki mtu anaweza kuisifia wiki nzima akidhani ndivyo walivyokusudia.

Pima hivi. Weka wimbo, vuta pini nje milimita moja au mbili, irudishe polepole. Mwimbaji akija na kuondoka, pini haikai vizuri. Mara nyingi ni pamba za mfukoni zilizosongamana ndani ya tundu. Zima simu, zichokonoe kwa kijiti cha meno, si kwa sindano. Kama hazimo, kunja waya pale unapoingia kwenye pini. Sauti ikibadilika, umekatikia hapo. Kuna na kisa cha tatu: hedifoni yenye maiki, pini ya sehemu nne, ikichomekwa kwenye redio ya zamani. Bonyeza kitufe cha kupokelea simu, ushikilie. Mwimbaji akirudi kila unapobonyeza, hedifoni ni nzima, tundu ndilo lisilokubaliana nayo. Tafuta adapta au hedifoni isiyo na maiki.

Waya uliokatika fundi simu yeyote anaumudu. Ukatwe sentimita tatu kutoka kwenye pini, ifungwe pini mpya ya milimita 3.5. Mara nyingi wekundu ni wa kulia, kijani au bluu ni wa kushoto, na wa rangi ya shaba ni wa kurudi, lakini viwanda havifanani, kwa hiyo apime kwa mita ya fundi kabla ya kuchomea. Nyuzi hizo zimepakwa vanishi. Asipoiunguza kwanza, risasi haitashika, na ndani ya wiki mwimbaji atakuwa amerudi ng'ambo.

Spika moja ya Bluetooth mara nyingi ina kasoro ya upande wa pili. Inajumlisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja. Mwimbaji yupo, ila kila sauti iliyotengenezwa kuzunguka kichwa inasimama mahali pamoja.

Flashi yangu ina The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, nyimbo 10. Kwenye sabufa kila wimbo ukiisha kunakuwa kimya kama luku imeisha, ndipo unaanza mwingine. Tena Money inapigwa kabla ya Time. Kwenye simu haifanyi hivyo. (Msomaji, Igoma)

Ni makosa mawili tofauti. La mpangilio ndilo jepesi: sabufa nyingi hazifuati majina ya faili, zinafuata mfuatano ambao faili ziliandikwa kwenye flashi. Ukichagua zote na kuzikopi kwa mkupuo, kompyuta inaweza kuanza na yoyote. Fomati flashi kwa mfumo wa FAT32, kisha kopi wimbo mmoja mmoja, wa kwanza hadi wa kumi.

Kimya kina vyanzo viwili. Kwanza ni MP3 yenyewe. Sauti hukatwa mafungu ya sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 1,152, na fungu la mwisho lisipojaa hujaziwa ukimya; mwanzoni nako huongezwa kidogo. Fungu moja ni kama sekunde 0.026, si kitu kwenye nyimbo za kawaida. Simu nyingi husoma alama ndani ya faili inayosema kiasi cha kukata, sabufa haiisomi. Chanzo cha pili ndicho kikubwa: sabufa inafunga faili, inatafuta nyingine, inaifungua. Hapo ndipo nusu sekunde inapopotea. Na albamu hii ya 1973, ambayo Alan Parsons ndiye aliyekuwa fundi mitambo wake pale Abbey Road, imeunganishwa kwa makusudi. Brain Damage inaingia Eclipse bila kupumua. Kimya kikikaa hapo kinavunja hesabu ya ngoma.

Dawa ni kuunganisha nyimbo ziwe faili mbili, upande wa kwanza na wa pili, kama ilivyokuwa kwenye santuri. Upande wa kwanza unaishia The Great Gig in the Sky, kama dakika 19. Wa pili unaanza na Money, zaidi kidogo ya dakika 23. Tumia Audacity, ni ya bure. Ingiza nyimbo tano za kwanza kwa pamoja. Usishtuke zikipigwa zote kwa wakati mmoja, kwa sababu kila moja imewekwa kwenye mstari wake na zote zinaanzia sifuri. Hakikisha zimepangana kutoka juu kwenda chini, bonyeza Ctrl na A, ingia menyu ya Tracks, kisha Align Tracks, uchague Align End to End. Zitajipanga mkia kwa kichwa. Sasa kuza picha kwenye kila kiungo. Ukiona kamstari kamenyooka kabisa katikati ya mawimbi, huo ndio ukimya wa MP3, uchague, uufute. Ukianza na FLAC (faili isiyopunguza sauti) au CD hutaukuta. Toa faili kwa MP3 ya kbps 320 (kiasi cha data kwa kila sekunde) isiyobadilikabadilika, sterio, 44,100 Hz. Ukiacha kiwango kinachobadilika, sabufa nyingine huonyesha dakika za uongo na kugoma kuruka mbele.

Usijaribu kuuponya ukimya kwa kuwasha ile huduma ya programu za muziki inayofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine (crossfade). Inafunika kiungo halisi kwa cha bandia. Iwe sifuri.

Ile sauti kama fidla nyingi zilizolowa maji kwenye nyimbo za King Crimson ni nini? (Msomaji, Sengerema)

Melotroni. Ni kinanda ambacho kila kitufe kina utepe wake uliorekodiwa fidla, filimbi au kwaya halisi. Ukibonyeza, utepe unavutwa kupita kwenye kichwa cha kusomea, ukiachia, unarudi. Utepe ni wa sekunde nane hivi tu, kwa hiyo mpigaji hawezi kushikilia noti moja akasahau. Kuyumba unakokusikia ni mwendo wa tepe zenyewe.

Huku kisiwani naweka bando dogo. Albamu moja inakula kiasi gani? (Msomaji, Nansio)

Kwa albamu ya dakika 43: kbps 96 ni kama MB 31, kbps 160 ni MB 52, kbps 320 ni MB 103. Ukiisikiliza moja kwa moja mtandaoni mara tatu, zidisha kwa tatu. Kwa hiyo pakua mara moja ukiwa mjini kwenye Wi-Fi. Na kama mnataka kurushiana bila kumwibia mtu, anzeni na Polygondwanaland ya King Gizzard & the Lizard Wizard. Mwaka 2017 bendi yenyewe iliitoa bure na kuruhusu yeyote aichape. Ni dakika 44 hivi, nayo nyimbo zake zinashikana, kwa hiyo rudi kwa jirani yako wa Igoma hapo juu.

Wenzangu wananiambia huu ni muziki wa Wazungu. Niwajibu nini? (Msomaji, Musoma)

Usiwajibu, wawekee Zambia. Kule, katikati ya miaka ya 1970, vijana walichukua gitaa la mkwaruzo mzito wakalitia mapigo ya kwao, na muziki huo ukaja kuitwa Zamrock. Tafuta Lazy Bones!! ya WITCH, 1975, mwimbaji Emmanuel “Jagari” Chanda. Jina la bendi ni kifupi cha We Intend To Cause Havoc, na walirudi na albamu mpya, Zango, mwaka 2023. Kama unataka gitaa linalouma zaidi, Ngozi Family, 45,000 Volts, 1977.

Lakini ya kwanza iwe Africa ya Amanaz, 1975. Ina miksi mbili, moja kavu na nyingine iliyolowa mwangwi, na toleo jipya limezibeba zote. Mtajie mwenzako umesikiliza ipi, maana ni kama albamu mbili. Kwenye ile kavu gitaa liko mbele ya pua yako. Kwenye yenye mwangwi bendi imerudi nyuma na chumba kimekuwa kikubwa. Wimbo wa mwisho unaitwa Kale, neno ambalo Kinyanja na Kiswahili vinalitumia kwa maana ileile. Mikwaruzo mingi ni ya rekodi yenyewe, usimpelekee fundi spika zako.

Ukimaliza hapo, panda hadi Niger: Afrique Victime ya Mdou Moctar, 2021.

Chumba chetu ni cha tofali, sakafu ya saruji, juu bati. Besi inavuma kila noti sawasawa. Tunakaa watu watano. (Msomaji, Mabatini)

Toa sabufa kwenye kona. Kona inakuza besi, na hasa noti chache zinazolingana na urefu wa chumba, ndiyo maana zote zinasikika kama moja. Isogeze mbali na kuta zote mbili nusu mita, na kitufe cha besi kirudi nusu. Zile spika mbili ndogo msizipandishe juu ya sabufa kama vyungu. Zitenganishwe mita moja na nusu hadi mbili, kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, na watu wakae usawa wa katikati yake, wawili mbele na watatu nyuma. Godoro lisimamishwe ukutani nyuma yao na mkeka utandikwe sakafuni: mwangwi mkali wa matoazi utapungua palepale.

Kwa bati hakuna dawa. Mvua ya masika ikianza, simamisheni albamu mahali ilipo, muandike dakika, mngoje ikatike. Mkiongeza sauti kushindana nayo, sabufa itaanza kukwaruza kabla mvua haijachoka.