Maswali na Majibu: Kasha Moja, Nyimbo Kumi na Nne, Jina Lipi Litangulie?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni msaidizi wa mkutubi katika maktaba ya chuo kimoja hapa Mwanza. Tumepokea sanduku la kanda na sidii kutoka kwa familia ya mwalimu mstaafu. Nyingi si albamu za msanii mmoja bali ni mikusanyo: humo mna bendi za dansi, kwaya na ngoma za Kisukuma. Nilianza kuziingiza kwa jina la bendi inayotajwa kwanza kwenye kasha. Mwenzangu anasema nitumie jina la mkusanyo, na mkuu wetu anataka kila wimbo uwe na rekodi yake. Nani yuko sahihi? Tena, kasha moja lina mwaka 1991 ilhali nyimbo zake ni za miaka ya sabini. Niandike mwaka upi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu jina, mwenzako ndiye aliye karibu zaidi na kanuni. Mkuu wenu naye ana hoja nzito, ila njia aliyoichagua itawachosha kabla hamjafika nusu ya sanduku.

Ulicho nacho mkononi ni kitu kimoja chenye namba moja ya rafu, na atakayekiazima atakibeba chote. Wimbo wa tatu hauwezi kutoka mlangoni ukaacha wenzake ndani. Kwa hiyo rekodi iwe moja, na ikiwa mkusanyo una jina lake wenyewe, nyimbo ni za watunzi mbalimbali na hakuna bendi inayoutawala, jina hilo ndilo liwe ingizo kuu, yaani jina ambalo rekodi hupangwa chini yake. Zoea lako la kushika bendi ya kwanza lina asili yake. Kanuni za kuorodhesha vitu vya maktaba zinazoitwa AACR2, za mwaka 1978, ziliruhusu mkusanyo wa sauti wenye waimbaji wakuu wawili au watatu uingizwe kwa jina la yule anayetajwa kwanza, na wakizidi watatu, kwa jina la mkusanyo. Hizo zilikuwa enzi za kadi, ambapo kila ingizo la ziada lilimaanisha kupiga chapa kadi nyingine na kuipanga kwenye droo, na mkutubi mwenye kadi chache alijifunza ubahili mapema. Kanuni za RDA, zilizotoka mwaka 2010 kuchukua nafasi ya AACR2, zimeuondoa ukomo huo wa watatu, na kompyuta haina droo inayojaa.

Jina lenyewe lichukue kwenye lebo iliyobandikwa kwenye kanda, si kwenye karatasi ya kasha, maana makasha hubadilishana kanda nyumbani kwa watu bila yeyote kukusudia. Lebo isipokuwa na jina la jumla, na karatasi ya kasha ikawa nalo, hapo chukua la kasha, kisha ueleze katika dokezo kwamba umelitoa huko. Liandike kama lilivyo, hata kama limekosewa tahajia.

Sasa hoja ya mkuu wenu. Mtu anayefika kaunta haulizi jina la mkusanyo. Anauliza wimbo uliopigwa kwenye harusi ya dada yake, na pengine anakumbuka mstari mmoja tu wa kiitikio. Kwa ajili yake kuna uga wa 505 katika MARC, muundo wa kuandikia rekodi za maktaba kwenye kompyuta, ambamo yaliyomo huandikwa kwa mfululizo: jina la wimbo, mkwaju, jina la bendi, muda ndani ya mabano, halafu vistari viwili kabla ya wimbo unaofuata. Ukiwa na subira, weka tarakimu 0 kwenye kiashirio cha pili cha uga huo (viashirio ni tarakimu mbili za mwanzo wa uga zinazoieleza programu jinsi ya kuusoma), kisha utenge majina ya nyimbo kwa alama ndogo ya t na majina ya wahusika kwa alama ya r, ili programu ijue kipi ni wimbo na kipi ni bendi. Upande A na Upande B wa kanda visiachwe, kwani bila hivyo msikilizaji atazungusha kanda nzima akitafuta wimbo ulioko nyuma.

Uga wa 505 peke yake hautoshi, kwa sababu maneno yake hayapiti kwenye udhibiti wa majina, yaani utaratibu wa kumwandika kila mtu au bendi kwa umbo moja tu la jina. Mfano mzuri ni Mbaraka Mwinshehe. Alipiga na Morogoro Jazz kabla ya kuanzisha Super Volcano, kwa hiyo kasha linaweza kutaja bendi tu bila kumtaja yeye, na linapomtaja huenda likaongeza jina la Mwaruka au likaliacha. Chagueni umbo moja la jina, maumbo mengine yaelekezwe kwake kwa rejea ya “tazama”, kisha mtu aingizwe kwenye uga wa 700 na bendi kwenye 710. Unapoingiza wimbo wenyewe chini ya jina la mtunzi wake, kiashirio cha pili kiwe 2, maana yake kazi hiyo imo ndani ya kitu hiki. Ila usimfanye mwimbaji kuwa mtunzi kwa kukisia. Katika bendi zetu anayeimba na aliyetunga mara nyingi ni watu wawili, na kasha lisipomtaja mtunzi, nyamaza nalo.

Kwa kanda za ngoma ndipo ninapokuomba utulie zaidi. Bagika na Bagalu si majina ya vikundi viwili vilivyoingia studio. Ni pande mbili kubwa za ushindani wa ngoma za Kisukuma, na ndani ya kila upande kuna vikundi vingi vyenye majina na manju wao. Ingiza jina la kikundi, na upande wake uutaje katika dokezo. Angalia pia majina yanayoanza na Ng’wana: mwenzako akiyaandika kwa alama iliyonyooka na wewe kwa iliyopinda, huenda programu ikayahesabu kuwa majina mawili, na msomaji atakayeandika Ngwana bila alama yoyote akakosa yote. Amueni alama moja, mengine yawe rejea. Lugha nayo itajwe; Kisukuma kina msimbo wake, suk, na Kiswahili ni swa.

Mkikuta kanda iliyorekodiwa nyumbani kutoka redioni, yenye majina ya nyimbo kwa kalamu ya wino uliofifia, mwipe jina la kubuni linaloeleza kilichomo, mkisema wazi katika dokezo kwamba limetungwa na maktaba. Kuiorodhesha si kosa. Kuinakili na kuigawa ni jambo jingine, na hilo liulizeni COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwanza.

Je, mfanye hivi kwa kila wimbo? Kanda sitini zenye nyimbo kumi na mbili kila moja ni maingizo 720, na chuo hakitakulipa kwa hayo. Maoni yangu ni kwamba uga wa 505 uwekwe kwa zote, halafu maingizo kamili ya nyimbo yaanzie kwenye ngoma na kwaya za huku kwetu ziwani, kwa kuwa bendi kubwa za dansi zimekwisha kuorodheshwa na maktaba nyingine, ilhali kanda ya kwaya ya mtaani huenda msiikute kwingine.

Kuhusu mwaka: 1991 ni wa kutolewa kwa mkusanyo, nao unaingia kwenye uga wa 264. Tarehe na mahali pa kurekodi nyimbo, vikitajwa, viende kwenye 518. Ukiona herufi P ndani ya duara, huo ni mwaka wa haki ya sauti, na wakati mwingine mkusanyo hubeba miaka ya P mitatu au minne tofauti. Usichague mmojawapo ukaufanya mwaka wa kutolewa.