Pesa ya ukuta sitatuma

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unataka milioni 3 uvunje baraza ya mbele ya nyumba yetu, uzungushe ukuta na kutia geti, tuishi kama Uingereza, kila mtu na lake. Huyo aliyekusimulia hakukwambia yote.

Nikupe asubuhi moja tu. Nimetoka zamu ya usiku, kuwaogesha wazee wa watu, nafika mlangoni hapa Leicester ufunguo sina. Mwezi wa Januari, barafu imeganda juu ya magari. Nikakaa kwenye ngazi tangu saa 1 mpaka saa 4 na nusu, namsubiri mwenye nyumba. Jirani yangu, ambaye ukuta wetu mmoja na kikohozi chake nakijua mwaka wa nne huu, akatoka, akanisalimia, akaingia garini. Si mtu mbaya. Huku shida ya mtu haiulizwi. Ufunguo ulipokuja, vidole havikuweza kuushika.

Ningekaa vile kwetu Kikwajuni, Unguja, uso umenikunjana, robo saa isingepita sijaulizwa. Mama alipoanguka uani, wewe uko Pemba, mimi niko huku, waliosikia kishindo ni wazee wa bao pale barazani. Waliziacha kete wakamkimbiza hospitali ya Mnazi Mmoja, sisi hata simu hatujapigiwa. Hilo halinitoki moyoni, maana mwanawe ni mimi na sikuwepo. Ukishaweka ukuta, nani atasikia?

Kero naijua. Wanakuona na mfuko wanataka kujua una nini, mchumba wako wanamjua kabla ya Mama. Mimi mwenyewe niliondoka nikifurahi kuyakimbia macho yale. Usije huku, nakuomba. Au njoo, ukipata karatasi za halali usiziachie, fanya kazi miaka mitano, nunua kiwanja, rudi. Lakini usifuate huo utulivu unaosimuliwa. Desemba saa 10 jioni kiza kishaingia, mtaa mzima umejifungia, na siku tatu zinapita hujasikia mtu akikuita jina lako.

Pesa ya bati nitatuma mwisho wa mwezi. Kama ni wezi, tia mlango wa chuma upande wa uani. Nitaongeza na ya mifuko miwili ya saruji, uizibe ile pembe ya baraza iliyomong'onyoka, pale muuza kahawa anapotua dele lake. Lisije likampindukia, makaa yake yana moto.