Vinywaji vya kuongeza nguvu na damu kuganda

Je, vinywaji vya kuongeza nguvu vinasababisha magonjwa adimu ya damu kuganda? Hapana, haijathibitishwa. Mengi ya magonjwa hayo yana chanzo kinachojulikana: upungufu wa protini C au antithrombini (protini zinazozuia damu kuganda ovyo) mtu anazaliwa nao, na TTP, ugonjwa wa damu kuganda kwenye mishipa midogo, mara nyingi inatokana na kinga ya mwili kushambulia kimeng'enya cha ADAMTS13, kinachosaidia kuzuia kuganda huko. Kopo la kinywaji halikupi jeni mbovu.

Ila dokezo kidogo lipo. Mwaka 2010 watafiti wa Australia waliwapa vijana 50 wenye afya kopo moja la kinywaji hicho la ml 250, tena lisilo na sukari, wakawapima saa moja baadaye. Chembe sahani, zile chembe za damu zinazoanzisha kuganda, zilikuwa zinashikana kirahisi zaidi, na kuta za mishipa hazikutanuka vizuri kama mwanzo. Hayo ni mabadiliko ya muda mfupi kwenye vipimo. Hakuna aliyeganda damu pale, na watu 50 ni wachache mno kuhukumia. Zile habari za "alikunywa, akapata damu iliyoganda" ni za mgonjwa mmoja mmoja, na hapo huwezi kutenganisha kopo na sigara, vidonge vya uzazi wa mpango au kukaa kitini saa kumi.

Kama tayari umewahi kuganda damu, au kwenu ugonjwa huo upo, muulize daktari wako kabla ya kunywa. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, nenda hospitali sasa hivi.